Kopo la Rangi ya Maziwa

Fundi rangi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alibana kopo katikati ya miguu. Jirani yake, mama mwenye sare ya uuguzi, akamuuliza anakwenda kupaka nyumba ya nani.

"Si nyumba, mama. Narudi kanisani kumpaka upya Bikira Maria. Nilimchora ukutani akiwa mweusi, kamati imekataa. Wanataka awe mweupe kabla ya Jumapili."

"Nawe umekubali?" Mama alipaza sauti hadi dereva akageuka, na huyo hata kengele ya kushuka huwa haimshtui.

"Ukuta ni wao, mama. Kosa langu nini?"

"Si hilo kopo umelibeba wewe!"

Nikajifanya nasoma maelezo ya kuvunja dirisha wakati wa dharura.

"Hapo ukutani umemchora na shetani?"

"Yupo, malaika amemkanyaga."

"Rangi gani?"

Fundi akajikuna shingo. "Mweusi. Niliwachora wote kwa rangi moja."

"Kamati inasemaje juu yake?"

"Huyo walimpenda. Wamesema nisimguse, ametoka vizuri."

Basi likapunguza mwendo. Mama akainuka, akakwapua mkoba wake.

"Basi ukifika, sugua sana hiyo mikono yako myeusi. Usije ukamchafua."

Akashuka bila kuaga.

"Kanisani hapo!" kondakta akaita. Akaita tena, huku akimtazama fundi. Fundi alikuwa amekaa vilevile, ameipakata mikono yake kama ya mtu mwingine.