Bingwa wa Vichupa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Barabara, Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya ya wafanyakazi, wenzangu wa maabara, mafundi wa lami mlioingia ukumbini na viatu vya kazi hata mfagizi akawakazia jicho, ndugu wageni waalikwa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Leo navua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja. Wanaoagwa husifiwa kwamba wameokoa maisha ya watu. Mimi, jamani, tuseme ukweli, nimelea watoto watatu kwa mikojo ya watu! Kila Ijumaa mafundi wa lami walipanga mstari dirishani kwangu, kila mmoja na kichupa chake, wengine wamekifunika kwa leso kana kwamba sijui kilichomo. Nilipima mabaki ya moshi wa lami, nikaandika namba, nikampa kila mtu karatasi yake.

Mnakumbuka mlichokuwa mkifanya mkishatoka hapo? Mlishindanisha karatasi! Mwenye namba kubwa alishangiliwa, mwenye namba ndogo akaambiwa ana mwili mvivu. "Hamsini na nne! Mwili wangu haulazi uchafu!" Aliyepiga kelele hizo ni msimamizi wa pipa la kuchemshia lami. Mkampa jina la Bingwa. Na Bingwa, kwa asiyejua, ni kaka yangu wa tumbo moja, yule pale safu ya tatu anayejifanya anatazama feni.

Nami niliyekuwa na ujuzi nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka, nikafunga dirisha, nikaenda kunywa chai. Leo nataka kulisahihisha jambo hilo, maana nikiondoka nalo sitapata usingizi.

Moshi wa lami una mafuta, na ukiingia mapafuni maji ya mwili peke yake hayawezi kuuondoa, kama maji baridi yasivyong'oa mafuta kwenye sufuria. Kwa hiyo mwili unatumia vimeng'enya, wafanyakazi wake wadogo waliomo ndani ya chembe hai. Chukulieni kwamba kuna chupa kubwa isiyopita kwenye tundu la taka. Kundi la kwanza linaivunja kwa nyundo. Kundi la pili linafagia vipande, linavifunga vizuri na kuvitoa nje, na vingine ndivyo vinavyofika kwenye kichupa changu. Kazi safi, si ndiyo? Lakini kabla ya ufagio kufika, sakafuni kuna nini? Kuna vipande vyenye makali ambayo chupa nzima haikuwa nayo. Vikichoma pale chembe ilipohifadhi maelekezo yake ya kukua, maelekezo yanaharibika, na huko ndiko saratani inakoweza kuanzia, kimyakimya, miaka mingi kabla ya mtu kujua. Tena moshi ukizidi, wenye nyundo ndio wanaoongezeka haraka. Wenye ufagio wanaelemewa.

Kwa hiyo, Bingwa, ile hamsini na nne haikusema kwamba una mwili wa chuma. Ilisema umevuta moshi kuliko wenzako wote. Vilivyofagiwa nilivipima, ila vilivyobaki sakafuni hakuna kichupa kitakachonionyesha. Na yule mliyemwita mvivu, masikini, alikuwa na akili zake: alisimama upande upepo unakotoka.

Kaka yangu ana miezi minne anakohoa. Nimembembeleza apigwe picha ya kifua, akanijibu huku akicheka, mbele ya wifi yangu, "Si wewe uliyenipa ubingwa? Mtu mwenye namba kama yangu ataumwa nini?" Maneno yale yalinikata maini. Ile karatasi ameibandika kwenye kabati la vyombo, na mwandiko ni wangu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakushukuru kwa zawadi, na zaidi kwa mashine mpya ya kuchemshia lami yenye mfuniko uliyotuahidi. Wenzangu wa maabara, mmenivumilia mdomo wangu, Mungu awalipe. Mafundi, nawapenda, simameni upande upepo unakotoka.

Kaka, nitazame. Leo asubuhi nilimpelekea Daktari Mkuu fomu yako. Ameandika uondolewe kwenye moshi, uhamie ghala la zana, na Jumatatu saa tatu upigwe picha ya kifua. Mheshimiwa ameshasaini. Najua hapo ulipo umefura. Mimi mdogo wako nimekuvunjia heshima mbele za watu, na sikuona njia nyingine. Ninunie, kaka. Usije kwangu, usipokee simu yangu, ninunie hata mwaka mzima. Lakini ninunie ukiwa hai.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa.