Sista Selpher na Kinga Inayozeeka

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, Sista Selpher Munga anastaafu kutoka kituo chetu cha afya hapa Likoni. Alianzia wadi ya wazazi kule Changamwe, akaja kwetu kushika chanjo za watoto, kisha akapigania kliniki ya wazee hadi ikafunguliwa. Tulimtania kwamba ametoka kwa wasioota meno bado, akaenda kwa walioyapoteza.

Kisa kinachomweleza vyema ni cha Bi Mwanasaumu, mkulima wa Mtongwe aliyepita miaka sabini. Alikuja peke yake, malengelenge ya mkanda wa jeshi yamemzunguka ubavuni. Nyumbani walikuwa wameshaamua kuwa ni ukimwi. Samiha, mke wa mwanawe, alimtengea sahani na kikombe, na wajukuu wakakatazwa kulala chumbani kwake. Maumivu aliyavumilia. Aliposimulia habari ya ile sahani, akalia.

Sista alimpima, akamkuta hana virusi vya ukimwi. Kisha akaagiza Samiha aje, akawaketisha pamoja, na kuwaeleza kwa upole kwamba kinga ya mwili nayo huzeeka. Kirusi cha tetekuwanga ya utotoni hubaki mwilini kimelala, na kinga ikilegea huamka na kuleta mkanda wa jeshi. Tena kinga hiyohiyo ndiyo huzitambua seli zilizoharibika na kuziua kabla hazijawa saratani. Uzeeni kazi hiyo hupungua kasi, baadhi zikaponyoka. Si kila mzee atapata saratani, alisema, wala mkanda wa jeshi si dalili yake, lakini kwa umri huo ni vyema kuchunguzwa. Akaomba ampapase matiti.

Bi Mwanasaumu akakataa. "Mwanangu, mimi mtu mzima. Maziwa haya yamekwisha kazi, wayatafutia nini?"

"Kunyonyesha ndiko kulikokwisha, Bi," Sista akamjibu. "Kuugua bado."

Akapatikana na uvimbe mdogo, mgumu, usiouma. Vipimo vya hospitali vikathibitisha kuwa ni saratani, ila ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Samiha ndiye aliyevuka naye feri kila safari ya matibabu. Leo Bi Mwanasaumu analima mihogo yake, na anasema radhi alimpa mkaza mwanawe siku ileile Sista alipowaketisha pamoja.

Tangu hapo, Sista hakumwacha mzee yeyote atoke kliniki bila kumhoji. Wanaume walimkwepa kwa sababu ya maswali yake kuhusu mkojo na tezi dume, mpaka akawafuata kwenye kibanda cha kahawa. Huko wakamjibu bila haya, na wengine wakawashitaki wenzao.

Mwezi uliopita tulimkuta asubuhi kwenye benchi la wagonjwa, bila sare, akingoja zamu yake. Alituambia mama yake alifariki kwa saratani ya matiti, na kwamba miaka yote hiyo yeye mwenyewe aliogopa kupimwa. Sasa ametimiza sitini, na hofu ameichoka. Majibu yaliporudi salama, alijifuta macho, akaingia ndani kuwahudumia wazee wake.

Sista Selpher, ahsante kwa mikono yako na subira yako. Nenda nyumbani Rabai ukapumzike, nasi tunakuombea umri mrefu, afya njema na wajukuu wa kukuchosha.