Maziwa Yaliyogeuka Rangi ya Jiwe

Ndugu zangu wa umoja wetu wa mafundi, na nyinyi vijana wa shule ya sanaa muliokaa pale nyuma, ambao kesho munaanza staji, kujifunza kazi, katika ateliye zetu za kuchonga mawe: munisamehe, sitasimama. Nitaongea nimekaa hivi hivi. Na nikinyamaza katikati musifikiri nimesahau maneno. Nitakuwa natafuta pumzi. Tumshukuru Mungu aliyeniachia hii kidogo.

Zamani haikuwa hivi. Wazee wa hapa wanajua. Nilikuwa nikiita mtu kutoka ateliye yangu, anageuka aliye kule sokoni. Jiwe ambalo vijana wawili walilizunguka wakikuna kichwa, mi nililibeba peke yangu mpaka mezani. Sikusoma, sitawadanganya. Niliachia darasa la tatu, ng'ambo ya mpaka, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini nendeni kando ya ziwa, kwenye mageti ya zile nyumba kubwa. Wale simba weusi wa jiwe la volkano, wenye manywele kama yanapeperushwa, ni nani aliyewatoa ndani ya jiwe? Ni mimi. Hakuna mwalimu aliyenionyesha. Nilianza na nyundo ya kuazima, nikapasua mawe ya msingi wa nyumba za watu, mpaka siku moja jiwe likapasuka likawa na pua ya simba. Hiyo pua ndiyo ilinijengea nyumba.

Bon. Mtu akipata simba, anapata na woga wa kuibiwa simba.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwenzangu, naye anachonga. Sitamtaja, yuko humu ndani, anacheka tayari. Nilikuwa na hakika kwamba anachungulia mitindo yangu. Donc nikanunua shitingi, yale maturubai ya plastiki, nikaifunga ateliye pande zote, kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia fundi wangu mkubwa, mtu wa Kanama tuliyeanza naye: «Sasa atachungulia nini? Achungulie plastiki!»

Na mule ndani ya plastiki tulikuwa tunakata jiwe kavu kwa disiki, ile mashine yenye sahani ya chuma inayozunguka. Munajua kelele yake. Munajua na vumbi lake. Mtu aliyesimama mita mbili ulimwona kama yuko ndani ya ukungu wa asubuhi kule Mudende milimani. Tukitoka saa sita, nyusi zetu zote zilikuwa za babu.

Lakini nisikilizeni vizuri, mi sikuwa patron mbaya. Nilikuwa bosi bora wa mji huu, na nitalisema mpaka nizikwe. Wengine waliwapa wanafunzi wa staji nini? Ufagio. Mi niliwapa patasi siku ya kwanza. Na niliwapa maziwa. Kila asubuhi ndoo ya maziwa ilishuka kutoka Mudende kwa pikipiki, freshi, bado na povu, na kila mtu kikombe chake kikubwa. Kwa sababu mimi, kama nyinyi wote, nilikuwa najua kwamba maziwa yanasafisha kifua. Wapaka rangi wanakunywa maziwa. Wachomeleaji wanakunywa maziwa. Nani aliwahi kuuliza yanapita njia gani? Wanafunzi wakanipa jina: Papa Maziwa. Nililipenda, siwafichi.

Basi mwaka mmoja akaja binti wa staji. Sura ya kitoto, mdomo wa bibi. Siku ya kwanza nikamkaribisha: «Ingia, mwanangu, kunywa kwanza.»

Akasema: «Asante, patron. Maziwa mi sinywake. Inanisumbua tumbo.»

Hapa kwetu munajua kukataa maziwa ni nini: ni kumtukana aliyekupa. Watu waligeuka wakamwangalia. Nikamwambia sawa, chukua nafasi yako mule ndani. Akatazama shitingi, akatazama ukungu unaotoka chini yake, akasema: «Na mule ndani siendi. Nitafanya hapa inje, chini ya muti wa avoka.»

Akajifunga kitambaa puani. Akatoboa bido, dumu la maji, tundu dogo, akalitundika kwenye tawi, maji yakawa yanadondoka juu ya jiwe lake wakati anachonga. Polepole, patasi na nyundo, disiki hagusi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Fundi wangu akamwambia: «We mama, unaogesha jiwe kama mutoto muchanga? Ulimupaka na mafuta?»

Naye bila kuinua kichwa: «Jiwe likikunywa maji, mi sitakunywa jiwe.»

Wakamwita Mama Maji. Papa Maziwa na Mama Maji katika ateliye moja. Ilikuwa raha, nawaambia.

Raha ikaisha kidogo kidogo. Nilikuwa nakohoa tangu zamani, lakini fundi gani hakohoi? Sasa kikohozi kikabadilika. Kikawa kikavu, kirefu, kinanikunja kama kisu cha mfukoni. Nikaanza kupumzika kwenye ngazi za kanisa. Mke wangu akaniambia: «Baba, wewe usiku unapiga filimbi.» Kumbe ni kifua. Nikaongeza maziwa. Vikombe viwili, vikombe vitatu. Nikipanda kutoka ateliye hadi barabarani nasimama, najifanya naongea na simu, kumbe simu haina mtu. Mimi! Mimi niliyebeba mawe!

Na wale vijana wa staji nao wakaanza. Mmoja, halafu mwingine, halafu wote.

Ndugu zangu, munajua mji wetu. Mtu akikonda na ana kazi nzuri, neno la kwanza ni lipi? Sumu. Wamemlisha. Nilikwenda mpaka Kanzenze kwa mama mmoja wa dawa za miti, akaninywesha kitu cha kutapisha sumu. Nilitapika siku nzima, nikabaki mwepesi kama ganda la maharagwe. Kikohozi hakikutoka.

Ndipo asubuhi moja fundi wangu akanivuta pembeni.

«Patron, mi niko mutu muzima, sipendake maneno. Lakini angalia. Sisi wote tunakohoa. Ule mutoto wa musichana hakohoake.»

«Nimeona.»

«Maziwa, sisi wote tunakunywa. Ule mutoto hanywake.»

Kila kitu kilikaa mahali pake: binti anayekataa ndoo, anayejitenga na wenzake, mzima peke yake kati ya wagonjwa. Munaelewa lile neno mulozi, mchawi wa sumu, linafanya nini kwa mtoto wa kike? Likishatamkwa, hakuna nyumba itakayopokea chakula kutoka mkononi mwake. Shule itamrudisha kwao, na kwao litamtangulia. Lakini na mimi nilikuwa nakufa, na mtu anayekufa hana subira. Nikachukua simu ya kumpigia mwalimu wake. Namba ilikuwa tayari kwenye kioo.

Sijui kwa nini sikubonyeza. Nafikiri nilitaka kwanza kuona macho yake. Nikamwita mbele ya watu wote, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, mbele ya watu wote, nikamuuliza: «Mwanangu, ulituwekea nini ndani ya maziwa?»

Akatuangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyemwangalia.

«Patron, unaniita mulozi?»

«Nimeuliza tu.»

Machozi yalikuja, akayafuta kwa kile kitambaa chenye maji. Halafu akasema: «Lete kikombe.»

Akachota kwenye ndoo, kimejaa mpaka ukingoni, akanywa bila kupumzika mpaka akageuza kikombe chini. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kama vile atapasuka. Akachota tena vikombe viwili. Kimoja akaingia nacho ndani ya shitingi, mara ya kwanza kuingia mule, akakiweka kwenye kigogo karibu na kiti changu. Kingine akakiweka nje, karibu na jiwe lake.

«Mufanye kazi kama kila siku. Saa sita tutaangalia.»

Tukafanya kazi. Yeye naye alirudi kwenye jiwe lake, lakini muda si muda akakimbilia chooni ameshika tumbo. Akarudi. Akakimbia tena. Wale ndani wakasukumana viwiko: «Unaona? Sumu yake inamugeukia!» Masikini, yalikuwa ni maziwa tu, alisema tangu siku ya kwanza hayamtaki.

Saa sita tukazima disiki. Akavileta vile vikombe, akaviweka juu ya meza, kwenye mwanga.

Cha nje kilikuwa cheupe. Kilikuwa na nzi mmoja.

Cha ndani… ngojeni nipumue.

Cha ndani kilikuwa kimevaa ngozi. Kijivu, nene, kama saruji iliyokorogwa na kusahauliwa. Fundi wangu akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, na sisi wote tukasikia mlio. Mlio wa mchanga.

Binti akasema polepole, kama mtu aliyechoka: «Sumu yenu ni hii. Hakuna mutu aliyeiweka. Na hii iko kikombe tu, imekaa asubuhi moja. Kifua yako, patron, imekaa pale miaka ngapi?»

Nikainuka nikaenda kwenye kamba za shitingi kuzikata. Kamba ya kwanza nikaikata. Ya pili mkono haukufika. Nikaanguka pale pale kwenye vumbi, na upande mmoja wa plastiki ukaanguka pamoja nami, na kwa mara ya kwanza barabara ikaona ndani.

Aliyevuka barabara mbio ni nani? Ni yule yule jirani niliyemfungia. Alisimama juu yangu, akatazama huku na huku, akasema: «Kumbe unachongaka simba? Mi nilifikiri mule ndani unapiga pesa ya bandia!»

Ndiye aliyenibeba mpaka hospitali. Mgongoni kwanza, halafu kwenye voiture, gari la kuomba.

Daktari alipiga picha ya kifua, akanionyesha. Mi nimezoea kusoma mawe, na ile picha niliisoma bila kusaidiwa. Makovu. Akaniambia vumbi lililokwisha ingia halitoki. Nikamuuliza, na maziwa niliyokunywa miaka yote? Hakucheka, Mungu ambariki. Akagusa tumbo lake, kisha kifua chake: «Mzee, maziwa inapitaka hapa. Vumbi inapitaka hapa. Iko milango mbili, haikutanake.» Na akaongeza kwamba vumbi baya zaidi ni lile ambalo jicho halilioni. Wale vijana wote tuliwapeleka wakapimwa. Kwa rehema, walikuwa hawajakaa sana mule. Vifua vyao vilipona. Fundi wangu amebaki na kikohozi, ila anafanya kazi. Mimi nimebaki hivi munavyoniona. Wakiniuliza kama nimepona, ninasema nimeacha tu kuzidi kukauka. Jiwe si kitu changu tena. Mkono unalijua, pumzi hailiwezi.

Nilipotoka hospitali, kitu cha kwanza nilimwomba yule binti msamaha, mbele ya watu wale wale. Niliona kwamba neno lililotoka hadharani haliwezi kurudishwa chumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: «Nimekusamehe, patron. Lakini ile shitingi unipatie.»

Akaipandisha juu ya nguzo pale kwenye ule mti wake wa avoka. Ikawa paa la mvua, pande zote wazi. Tunakatia pale mpaka leo. Bomba la maji ya kulowesha jiwe linatoka kwa nani? Kwa jirani, ng'ambo ya barabara. Hata mitindo yangu anaiona yote sasa. Aige! Simba wake wana masikio ya mbuzi, aige mpaka ajifunze.

Basi nimechoka, nimalize. Namshukuru mke wangu aliyesikia filimbi kabla yangu. Namshukuru jirani, mgongo wake na maji yake. Namshukuru daktari ambaye hakunicheka. Na yule binti, ambaye sasa ni fundi kamili, yuko humu ndani. Sikumtaja na sitamtaja. Tukifunga mkutano tutakunywa maziwa pamoja, na mutamuona: ni yule atakayeshika chai.

Kwenu nyinyi vijana. Mukifika kazini kesho, patron akawapa maziwa, kunyweni, anawapenda. Lakini mapenzi yake hayachuji vumbi. Muombeni maji ya jiwe. Muombeni maski ile ya kweli, inayobana puani. Akiwaambia kwamba yeye amefanya hivi miaka mingi na hajafa, mumwambie aje kunitembelea tupande naye kilima kidogo. Hata mimi, kwa sauti yangu hii iliyobaki, nikikwambia ingia mule kwenye ukungu, usiingie.

Watakaokuja kwangu watakuta kikombe kimoja cha maziwa juu ya kigogo. Kila siku tunakiweka kipya kabla ya kuwasha mashine. Saa sita tunakiangalia wote pamoja, na kama kimebadilika rangi, hakuna anayerudi kazini mpaka tujue ni wapi maji hayakufika. Kikibaki cheupe, maski hatuvui, kwa sababu ya lile vumbi lisiloonekana.

Hicho kikombe musikinywe. Ni cha kwangu: ndicho kifua changu pale kazini.