Mzee Twalibu na Daftari la Mabadiliko

Alhamisi, Juni 30, 1983, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Twalibu Shaban Lukumani, fundi wa mashine wa Kituo chetu cha Takwimu hapa Tabora, atafunga kisanduku chake cha bisibisi na kurudi nyumbani kwake Isevya kupumzika. Atakuwa ameutumikia umma kwa miaka ishirini na mitano kasoro siku moja. Sisi tulikwisha kuandika "miaka ishirini na mitano" kwenye kadi za mwaliko. Yeye ndiye aliyekuja na kalenda akatuonyesha hiyo kasoro, na kadi zikachapwa upya.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Eustadia Modest, mwandishi wa programu, kazi ya kuandika wasifu huu. Wanajua kwamba bila Mzee Twalibu nisingekuwepo hapa kituoni kuandika chochote. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Mzee Twalibu alizaliwa Tabora mwaka 1928. Baba yake alikuwa akitengeneza vyerehani. Hakuwa mshonaji, ila wale washonaji wote wa mjini walimjua na kumbembeleza. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, mtu wa kubeba mzigo kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani na kurudi kwa miguu yake. Kutoka kwa babu huyo alirithi neno moja ambalo sote tumelisikia mpaka tunaliota: mzigo ukianza kuyumba njiani, usiulize mzigo una nini, uliza nani aliufunga mara ya mwisho.

Aliajiriwa Julai 1, 1958, kutengeneza taipureta za serikali. Uhuru ulipokuja, wenzake walikuwa wakishona bendera na kupamba barabara, yeye alikuwa amekaa chini na taipureta kumi na nne ambazo zilitakiwa ziamke salama ziandike barua za serikali mpya. Zote ziliamka.

Tangu siku zile utaratibu wake haujageuka. Ukimwita kwamba mashine imekataa, hashiki bisibisi. Anavuta kiti, anaitikia shikamoo yako, kisha anakuambia uandike mbele yake kama unavyoandika siku zote. Anatazama vidole, anatazama karatasi, anatazama hata kikombe chako cha chai. Baadaye ndipo anauliza swali lake: tangu siku mashine ilipokuwa nzima, kimebadilika nini? Kila mtu hujibu kwamba hakuna kilichobadilika. Naye hatikisiki, anangoja tu mpaka unakumbuka. Jibu likipatikana huliandika katika daftari lenye jalada gumu, pamoja na tarehe na jina la aliyebadilisha.

Mwanajuma wa masijala atanisamehe. Mwaka 1963 herufi M ya taipureta yake iligoma wiki nzima, akaapa kwamba mashine imerogwa. Mzee Twalibu alimwambia aandike mbele yake, na kumbe dada yetu alikuwa akiandika kwa mkono mmoja, mwingine umo kwenye karanga za kukaanga. Maganda yake membamba yalikuwa yamejazana chini ya M. Daftari la mwaka ule lina neno moja tu mbele ya jina lake: "Karanga." Mpaka leo hapa ofisini karanga zinaitwa maradhi ya M.

Ipo na ile safari ya Urambo. Mkubwa mmoja wa huko alipiga simu kwamba taipureta yake imekufa kabisa, gari lake, kile kipande kinachobeba karatasi, haliwezi kusogea. Mzee Twalibu akapanda treni. Alipofika aliona mara moja kwamba kile kikono kinachofungia gari la mashine kimesukumwa, basi. Kukirudisha ni kazi ya kidole kimoja. Lakini makarani sita walikuwa wamesimama wakitazama, na mkubwa alikuwa anatoka jasho. Mzee wetu alikirudisha kimyakimya, kisha akaifungua mashine yote, akaisafisha chuma kwa chuma kwa saa mbili, akasema ilikuwa na vumbi jingi la tumbaku. Mkubwa yule alibaki na heshima yake. Kisa hiki nilikipata katika daftari, jina la mkubwa limefutwa kwa wino mzito.

Mwaka 1966 zikaja mashine za kutoboa kadi. Kwa wageni wetu wa siku ya sherehe, nieleze kidogo. Kompyuta iko Dar es Salaam, sisi huku tunaiandikia maagizo. Kila mstari wa programu unakuwa kadi moja, na kila herufi inakuwa matundu katika kadi hiyo. Mashine ya kutoboa ndiyo kalamu yetu na ndiyo kifutio chetu: ukikosea, unanakili kadi mbovu mpaka penye kosa, unaandika upya kipande hicho, unaendelea. Kadi zikikamilika zinapakiwa sandukuni na kupanda treni. Siku kumi baadaye sanduku linarudi na majibu. Kompyuta haina huruma. Tundu moja likienda kombo, inatapika programu nzima.

Mimi niliingia katika kazi hii mwaka 1973, baada ya miezi sita ya mafunzo Dar es Salaam. Nilikuwa msichana wa kwanza hapa kituoni kupewa kazi hiyo. Baba yangu, mkulima wa Ntalikwa, alichinja mbuzi. Alikuwa akiwasimulia watu kanisani kwamba binti yake anaiamrisha mashine, na mimi nilikuwa nikitembea nimenyoosha shingo, sikatai.

Oktoba 1974 nilipewa programu ya kupanga orodha ya vijiji vipya, ili mbegu zigawiwe kabla ya mvua. Niliipeleka, ikarudi imekataliwa. Nikahakiki kila kadi kwa macho. Herufi zilizochapwa juu yake zilikuwa sawasawa. Nikatoboa upya zile zilizolalamikiwa, nikapeleka, ikarudi tena, na sasa makosa yalikuwa katika mistari mingine kabisa. Karani wa Dar, Mzaramo na mtani wetu, aliandika juu ya sanduku kwamba Wanyamwezi tulizoea kubeba mizigo, kuisoma bado. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi.

Mkuu wa kituo wakati ule, Ndugu Anton Silasi, alikuwa mtu wa haki na hesabu. Alipiga hesabu yake. Mashine ya kutoboa tuliyoitumia kusahihishia ilikuwa moja. Mwenzangu Bernardo aliitumia asubuhi, mimi niliitumia kuanzia saa saba mchana. Kadi za Bernardo zilipita, za kwangu zilikataliwa. Mashine ni ileile, kadi ni zilezile, kilichotofautiana ni mtu. Aliniita akaniambia kwa upole kwamba Jumatatu atatangaza uamuzi: programu itakwenda kwa mtu wa Dar, nami nitarudi kupiga taipu. Nilikwenda stoo ya karatasi nikalia. Taipu si aibu, lakini nilikuwa naiona sura ya baba yangu.

Mzee Twalibu alinikuta humo akitafuta utepe. Hakunibembeleza hata kidogo. Aliniambia nifute uso, nije niandike mbele yake.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Niliandika kadi ishirini, zote nzima. Kesho yake akatubadilishia zamu: mimi asubuhi, Bernardo mchana. Kisha akazichukua kadi zetu akaziweka juu ya kadi nzima, akazielekeza dirishani moja moja. Za kwangu mwanga ulipita katika matundu yote. Za Bernardo, kuanzia saa nane, matundu yalikuwa yamesogea unywele mmoja. Juu herufi imechapwa vizuri, chini tundu limekaa kando, na jicho la mtu halioni. Bernardo, ambaye alikuwa ameanza kunionea huruma, akaanza kujionea huruma mwenyewe.

Basi si mtu, ni saa. Mzee Twalibu akaanza kuuliza swali lake chumba hadi chumba. Umeme? Ni uleule. Kadi? Ni za shehena ileile. Mfagiaji? Hajagusa. Akafungua daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi Julai. Hakukuwa na badiliko lolote lililoandikwa.

Ijumaa saa nane, bati la kituo likiwa linapasuka kwa joto la Oktoba, alifungua kifuniko cha mashine na kupitisha kidole juu ya rola ndogo ya mpira inayovuta kadi. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alikitazama kidole, akakinusa, akakaa kitini. Mimi pia niliisikia ile harufu. Ilikuwa harufu ya asali.

Mwezi mmoja nyuma, rola ile ilikuwa imechakaa na kuteleza. Vipuri tuliambiwa vingoje fedha za kigeni. Shemeji yake Mzee Twalibu ni mrina asali, na nyumbani hakukosi nta. Mzee Twalibu alipaka kidogo, rola ikashika vizuri, akafurahi, akaenda zake. Asubuhi nta ilikuwa ngumu na kadi zilinyooka. Mchana ililainika na kadi zikateleza. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la dakika mbili, na limetoka nyumbani kwake. Hakuliandika.

Nawaambieni wazi: angeweza kuifuta ile nta kwa kitambaa, akafunga kifuniko, akatangaza kwamba mashine imepona. Aliyejua ni yeye na mimi, na mimi nisingethubutu kusema neno juu ya mtu ninayemwamkia shikamoo. Tena jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya mafundi watakaokwenda ng'ambo kusomea mashine mpya. Bibi Mwanamkuu, mkewe, alikuwa amekwisha kumnunulia sweta.

Jumatatu, kabla Ndugu Anton hajafungua kinywa, Mzee Twalibu alisimama mbele ya wafanyakazi wote, daftari mkononi.

"Mzigo huu niliufunga mimi mara ya mwisho," alisema. "Nilipaka nta, na sikuandika. Binti huyu hana kosa."

Akaketi. Ndugu Anton akaichana barua aliyokwisha kuiandika ya kunirudisha kwenye taipu. Mzee Twalibu alipata barua ya onyo, na safari ya ng'ambo akaenda mwingine. Siku ile ile aliliandika badiliko lake katika daftari, kwa tarehe yake ya kweli, na pembeni akaongeza: "Limechelewa kuandikwa siku thelathini na tatu. Twalibu." Sweta analivaa mpaka leo asubuhi za Juni, na mtu akimtania kwamba ndiyo Ulaya yake, anacheka kuliko wote.

Rola je? Alikata mpira wa ndani wa baiskeli yangu, akaivalisha. Nilitembea kwa miguu Ntalikwa hadi mjini wiki mbili, na sijapata kutembea nikiwa na furaha kama ile. Programu ilipita safari hiyo hiyo. Mbegu ziliwahi mvua. Mtani wetu wa Dar aliandika juu ya sanduku kwamba kumbe mnasoma.

Si kwamba Mzee wetu hana kasoro, tusije tukamfanya malaika angali hai. Ni mbishi. Ukipiga mluzi karibu na mashine iliyofunguliwa atakutoa nje. Chai yake anataka sukari vijiko vinne, hata nyakati hizi ambazo sukari tunaisikia redioni tu. Kiti chake kikisogezwa anajua, na anaandika. Lakini amefundisha mafundi tisa, amezilinda mashine hizi miaka kumi na saba bila vipuri vya kutosha, na katika madaftari yake kumi na moja hakuna mahali alipoandika "mtumiaji mjinga", ingawa baadhi yetu tulistahili.

Wiki iliyopita aliniita, akanikabidhi daftari la kumi na moja. Miaka yote hii nimekuwa nikijifunza kwake jioni jioni, na uongozi umeamua kwamba mashine zibaki mikononi mwangu. Nilimwambia ukweli: naogopa. Mashine zimezeeka, mpya haziji, na yeye ndiye aliyejua kila skrubu ilitoka wapi. Alinionyesha tu kwa kidole ukurasa wa mwisho, ambao alikwisha kuuandika mapema, kwa mwandiko wake ule ule wa kunyooka:

"Juni 30, 1983. Kimebadilika: fundi. Ametoka Twalibu, ameingia Eustadia. Mkiona hitilafu baada ya tarehe hii, msianze kwake. Niiteni Isevya nije nitazame, huenda kuna jambo nilisahau kuandika."

Mzee Twalibu, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante. Mungu akupe afya, akuzidishie siku pamoja na Bibi Mwanamkuu, na maisha ya nyumbani yawe mema kwako kama ulivyokuwa mwema kwetu. Ukurasa wako nimeusoma mara nyingi, na leo asubuhi nimeuongezea mstari mmoja chini yake kwa mkono wangu. Nimeandika kwamba mzigo nimeupokea, na umefungwa vizuri.