Mugure Hakutaka Kufunikwa na Nailoni

Wasikilizaji wapendwa, Mungu awape jioni njema, ninyi mlio Nakuru mjini, Molo, Keringet, na ninyi wa zamu kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mugure, mke wa Ndegwa wa lori la viazi. Mugure alifariki mwezi wa Juni, akazikwa Molo katika shamba la familia. Kabla ya kufa aliomba jambo moja tu. Aliomba asifunikwe na nailoni. Nalirudia, kwa maana wengi waliambiwa na hawakusikia. Mugure aliomba asifunikwe na nailoni.

Mumewe ametupa ruhusa ya kusema yote. Alituambia, "Hata yale ya kuniaibisha, yasemeni."

Mugure alizaliwa Molo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani, likagawanywa, baba yake akapata kipande. Alikua katika ukungu na viazi. Akaolewa na Ndegwa, dereva wa lori la viazi, wakahamia Nakuru kwenye mtaa wenye mtaro. Mnaujua mtaro huo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hata mtaani kwenu upo. Maji meusi yenye povu. Manyoya ya kuku. Ugali uliovimba. Daipa za watoto zilizopasuka, zimelala kama samaki waliooza, na nzi wa kijani juu yake. Mvua ikinyesha, uchafu wote huo unaondoka pamoja kuelekea ziwani, kule tunakowapeleka wageni wapige picha za ndege.

Siku hizo Mugure alikuwa kama sisi tu. Aliwasha jiko kwa juala, mfuko wa nailoni. Unaliweka juala chini ya makaa, unapiga kiberiti, linayeyuka na kudondoka matone meusi, moto unashika upesi. Jioni moja alichoma mahindi kabla moshi haujaisha. Binti yake, Sue, aliuma mara moja akatema.

"Mama, haya mahindi yananuka ndoo ya plastiki."

"Kula, wacha maringo."

"Onja wewe."

Mugure akaonja. Alitapikia uani, ameshika ukuta. Ndegwa alikuwa kwenye kiti chake, akacheka mpaka akakohoa. Alipoacha kukohoa ndipo akasikia kwamba kikohozi chake ni kama cha Sue, kile kilichomwamsha mtoto kila alfajiri.

Kesho yake Mugure alianza kukausha magunzi ya mahindi juu ya paa la choo. Akayaweka kwenye karai kando ya jiko, na majuala akayatoa jikoni kabisa. Hilo ndilo lilikuwa zoea lake la kwanza. Hakuongeza lingine mpaka hilo likashika. Alikuwa akimwambia Sue, "Ukibadilisha mambo yote Jumatatu, Alhamisi umeyaacha yote." Halafu kikaja kiondo, kikapu chake cha kusuka. Alikitundika kwenye komeo la mlango, usiweze kutoka kwenda sokoni bila kukigusa. Halafu maziwa, aliyoyafuata kwa chupa yake ya kioo. Halafu maji ya kufulia, ambayo alipigia deki na kuoshea choo kabla ya kuyamwaga. Mambo madogo, wasikilizaji wapendwa. Hakuna hata moja lililohitaji akili nyingi. Yalihitaji tu kufanywa kesho tena.

Msidhani alikuwa mtu rahisi kuishi naye. Ndegwa anasimulia siku waliyokuwa wakishuka na lori kutoka Molo. Karibu na Salgaa alimaliza soda akatupa chupa dirishani.

"Simamisha," akasema Mugure.

"Kuna nini? Gurudumu?"

"Umeangusha kitu."

"Sijaangusha. Nimetupa."

"Basi simamisha, ukachukue ulichotupa."

"Wewe mwanamke! Lori limejaa viazi na tuko mteremkoni!"

"Pale mbele pana nafasi ya kuegesha. Nitangoja."

Ndegwa akaegesha. Akarudi nyuma kwa miguu, pembeni mwa barabara, akipigiwa honi. Dereva mwingine akatoa kichwa dirishani: "Boss, umeangusha meno?" Aliiokota ile chupa kwa hasira. Anasema aliona nyingine kumi hapo hapo kwenye nyasi, baadhi zikiwa na mkojo wa madereva ndani, wa manjano, zimefungwa vifuniko vizuri. Kinyaa kilimshika. Tangu siku hiyo gunia la taka lilining'inia nyuma ya kiti chake.

Jirani yao, Nanyama, ambaye wengi wanamwita Mama Travis, aliona makubwa zaidi. Asubuhi moja alibishiwa hodi. Alipofungua, Mugure alikuwa amesimama na glavu mikononi, ameshika kitu kwa ncha za vidole.

"Mama Travis, mzigo wako ulipotea njia."

"Mzigo gani?"

"Huu wa Travis. Niliuona ukirushwa mtaroni. Bado una joto."

"Mathe, una wazimu! Kwani mtaro ni wa baba yako?"

"Si wa baba yangu. Lakini si choo cha mwanao pia. Shika."

Nanyama alifunga mlango. Alimchukia Mugure kwa muda mrefu, na hafichi. Alituambia, "Nilikuwa nikimwona sokoni nabadilisha njia. Lakini kila nikitaka kurusha daipa, mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa namwona mlangoni." Mwishowe alienda mwenyewe kuuliza nepi za kitambaa zinafuliwaje. Mugure alimkaribisha chai, na hakumkumbusha yaliyopita.

Kisha ugonjwa ukaja. Saratani ya koo. Katika siku zake za mwisho hospitalini sauti ilikuwa imebaki nyembamba. Ndegwa aliinamisha sikio karibu na midomo yake. Akasikia hivi: "Yale maua yenu ya kung'aa. Usiwaache wanifunike na nailoni. Mimi nataka udongo." Ndegwa akasema, "Nimesikia." Akamwombea, akamshika mkono. Mugure akafumba macho kama mtu aliyepewa alichotaka.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kamati ya mazishi iliketi sebuleni kwa Ndegwa. Mwenyekiti alikuwa Muiruri, kaka mkubwa wa Ndegwa, mtu wa suti na sauti. Muiruri alitaja maji ya chupa. Chakula kwenye visanduku vya povu gumu jeupe, sahani za kutupa, vijiko vya kutupa, mashada ya maua kwa kila kundi. Ndegwa aliinua mkono.

"Mugure aliomba kusiwe na nailoni."

Muiruri alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama mgonjwa. "Ndugu yangu, uko kwenye majonzi. Tuachie sisi. Unataka watu waseme tumemzika mama kama hana wenyewe? Wageni wapokezane kikombe kama wako kwenye boma la ng'ombe?"

Watu wakacheka kidogo. Ndegwa aliangalia viatu vyake. Hakusema tena. Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo aliloomba tuliseme hewani. Hakusema tena.

Siku ya mazishi Molo kulikuwa na baridi na manyunyu. Watu walikula kabla ya ibada ya kaburini. Sijui niwaambieje nilichokiona, maana nilikuwepo. Wali uliolowa ukikanyagwa. Mifupa ya kuku kwenye visanduku vya povu, na mbwa wakivirarua. Chupa zilizonywewa nusu zikaachwa, maana kila mtu alichukua mpya badala ya kuitafuta yake. Upepo ulizisukuma hadi kwenye viazi vya jirani. Mchungaji alifumba macho akimshukuru Mungu kwa uumbaji wake, na chupa ilibingirika ikamgonga kiatu. Aliisukuma kwa mguu, akaendelea kuomba. Na sisi tukasema amina. Mungu atusamehe. Tulikuwa wachafu, na tulikuwa tumevaa vizuri.

Kaburi lilipofukiwa, msimamizi wa shughuli akaita makundi. Watoto. Wajukuu. Chama cha akina mama sokoni. Marafiki wa Muiruri. Kila kundi liliweka shada lake, kila shada limefungwa nailoni ngumu ya kung'aa yenye utepe. Udongo mweusi wa Molo ukapotea. Mvua ilipiga ile nailoni kama inavyopiga bati.

Ndegwa aliitwa wa mwisho. Alipewa shada kubwa kuliko yote. Alisimama nalo. Msimamizi akasema kwenye maikrofoni, "Mzee, weka tu." Ndegwa alipiga magoti matopeni na suti yake, akachana nailoni ya lile shada. Akaweka maua matupu. Kisha akavuta shada la pili, akachana. Na la tatu. Maikrofoni ilikuwa karibu, kwa hiyo kila mtu alisikia mchano huo. Kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo.

Muiruri akainama karibu naye. "Ndegwa! Watu wanaangalia."

"Waangalie."

"Unatuaibisha mbele ya wageni!"

"Muiruri, nilimwambia mke wangu nimesikia. Nilimwambia akiwa anakufa. Toka hapo, unakanyaga kaburi."

Nanyama akatoka kwenye kundi la wanawake, akapiga magoti upande wa pili. Akafuata Sue. Wengine walisimama tu wakitazama. Wengi, nasema ukweli, waligeuka wakaenda kwenye magari yao, wakipita juu ya chupa. Watatu hao walichana mpaka vidole vikauma. Walipoinuka, kulikuwa na udongo na maua, na udongo ulikuwa ukinywa mvua.

Shamba halikupona siku hiyo. Jirani mwenye viazi alikuja kesho yake na maneno makali, na alikuwa na haki. Ndegwa na Sue waliokota mpaka migongo ikakataa. Lakini nilipita kaburini wiki iliyopita. Maua yameoza yote. Yamekuwa meusi, yanaingia ardhini, na nyasi changa zimeanza kuota. Hakuna kinachong'aa pale.

Kwa Ndegwa, kwa Sue, kwa familia yote ya Molo na Nakuru, tunawapa pole zetu. Bwana awafariji. Awafariji pia katika lile ambalo Ndegwa anasema bado linamuuma, kwamba angeweza kulisema sebuleni, kabla chupa ya kwanza haijanunuliwa.

Na wewe unayenisikiliza, usizime redio ukasema hii ni habari ya Mugure. Jioni hii, mahali fulani, kamati ya mazishi inaketi, au ya harusi. Mmoja wenu yumo. Anajua kitakachoachwa shambani. Kinyaa anakisikia tayari, na anaangalia viatu vyake.

Ndugu yangu, dada yangu, omba kwanza, kisha inua kichwa useme.