Mzee Magesa na Mkuki wa Mtemi Ibogo

Tang, tang, tang. Kwa miaka mitatu niliyokaa ofisi ya pili kutoka karakana yake, sauti hiyo ndiyo iliyonijulisha kwamba Mzee Selestine Magesa ameanza kazi: brashi ikikung'utwa mara tatu kwenye ukingo wa kopo la mafuta ya taa. Baada ya hapo hakuna aliyemsemesha hadi saa nne, hata mkurugenzi. Leo, tarehe 30 Juni 2025, anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Kumbukumbu za Watemi, hapa Shinyanga, kwa miaka thelathini na minne.

Aliajiriwa mwaka 1991 kupaka rangi milango. Kabla ya hapo alikuwa akiandika majina ya maduka na saluni sokoni. Wiki ya pili alikutwa amechora kwa mkaa, nyuma ya mlango wa stoo, uso wa mlinzi wa getini. Mlinzi alitaka ufutwe kwa sababu pua ilikuwa kubwa mno. Wenzake wakasema pua ndiyo iliyowafanya wamtambue. Milango ikatafutiwa mtu mwingine, na Mzee Magesa akapewa kazi ya kunakili kwa mkono picha za watemi wa zamani, ili shule, ofisi za vijiji na familia za kitemi zipate nakala. Leo nakala zake zimetundikwa kuanzia Kahama hadi Geita. Mara mbili alikuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Redio aliyozawadiwa mara ya kwanza bado iko karakanani, na inashika kituo kimoja tu.

Hachori mtemi kabla ya kuwatembelea wajukuu wa mtemi huyo na kuwauliza alikaaje, alikula nini, alimwogopa nani. Kisha huanza na mikono. Uso, husema, hujipanga mtu akijua anatazamwa, mkono haujui.

Ndiyo maana kosa la mkono lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Picha inayoombwa zaidi hapa kituoni ni ya Mtemi Ibogo, amesimama na mkuki. Ile ya awali, iliyochorwa na padre mmoja, ililiwa na mchwa kabla Mzee Magesa hajaajiriwa. Kilichobaki ni bamba la kioo ambalo padre huyo alilitumia kuipiga picha kazi yake. Mwaka 1993 bamba hilo lilipelekwa studio mjini likasafishwa picha, na kutokana na picha hiyo Mzee Magesa alichora nakala ishirini na tatu.

Oktoba 2022 nilikuwa na shahada moja na miezi minne kazini, nikiorodhesha mabamba. Niliinua lile la Mtemi Ibogo dirishani ili nisome maandishi ya padre pembeni. Yalisomeka vizuri nilipoligeuza, na nilipoligeuza, mkuki ulihama. Studio walikuwa wamelilaza bamba kinyume. Kwa miaka ishirini na tisa Mtemi Ibogo alikuwa ameshika mkuki kwa mkono wa kushoto katika kila ukuta tuliomtundika.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Nilimwandikia barua, nikaichana. Hatimaye niliingia karakanani asubuhi kabla hajaanza, nikampa bamba mkononi na kumweleza. Aliliinua dirishani, akaligeuza. Akaligonga kopo mara moja tu.

“Zipo ishirini na tatu,” alisema. “Tunaanza na ya karibu.”

Kwanza alikwenda nami kumwomba radhi Bibi Generosa, mjukuu wa mtemi, ambaye sasa amepita miaka themanini na ambaye utotoni alikuwa akimpelekea babu yake maji ya kunawa. Bibi alituambia kwamba kosa aliliona tangu siku ya kwanza.

“Uso ni wa babu, mkono ni wa jirani,” alisema. “Nikasema huyu kijana bado anajifunza, tumwache.”

Mzee Magesa alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Lakini njiani aliniambia neno moja zito: hataki kustaafu huku mkono usio wa mtemi ukiwa bado ukutani kwa watu, na jina lake limeandikwa chini.

Kwa hiyo akazichora upya, moja baada ya nyingine, akazipeleka mwenyewe na kurudi na zile za zamani, ambazo sasa zimeegemezwa stoo zikitazama ukuta. Kwenye basi la Geita kondakta alidai picha ilipe nauli kama abiria. Mzee akalipa bila ubishi. Kondakta alipotaka kuipandisha kwenye keria, Mzee alimkumbusha kwamba mtemi ana tiketi, na mtemi akakaa kwenye siti hadi mwisho wa safari. Hadi Aprili mwaka huu tulikuwa tumebadilisha ishirini na mbili.

Ya mwisho ilikuwa Rwamgasa, kijiji cha wachimba dhahabu huko Geita. Tuliiazimisha ofisi ya kijiji mwaka 2001. Ofisi ilipohama, picha ikabaki kwa wachimbaji, kwenye banda la mabati kando ya duara, yaani shimo lao, wanapoacha nguo kabla ya kushuka. Makoye, mwenye duara, alitupokea kwa soda. Aliziweka picha mbili sambamba, akazikagua, kisha akakataa kwa adabu zote.

“Mzee, huyu wa kushoto tumezoeana. Huyo wako wa kulia hajawahi kutuona tukishuka.”

Mzee Magesa alitoa bamba, akawaonyesha maandishi, akaeleza habari za studio. Mchimbaji mmoja alisema labda mtemi alihamisha mkuki ili mkono wa kulia ubaki wa kuwasalimia. Wengine wakacheka. Makoye hakucheka.

“Tunakubali umekosea, baba. Lakini huyu hajatukosea.”

Ikafika zamu ya kushuka. Walipita chini ya picha mmoja mmoja, kila mtu akavua kofia na kusema, “Mwangaluka, ntemi,” ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kisha akashika kamba. Mzee Magesa aliacha kubishana. Aliifunga picha mpya kwenye shuka lake. Tulipofika Geita mjini akaniuliza:

“Zuhra, wale wanamwamkia. Kituoni kwetu nani humwamkia?”

Wiki nzima sikusikia kopo. Ofisi ilimwonea huruma, na ili astaafu akiwa ametimiza nia yake, iliandaa barua ya kuitaka serikali ya kijiji iichukue picha ile, kwa kuwa bado ni mali ya kituo. Nilikabidhiwa mimi niipeleke.

Mzee Magesa, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi ya mikono yako, na kwa kutufundisha kwamba mtu mzima anaweza kuambiwa amekosea na binti wa miezi minne kazini, kisha akasema tu tuanze na ya karibu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wenye pua za kuchora.

Barua ile sikuipeleka. Wiki iliyopita nilimrudishia mkurugenzi, nikamweleza nilichokiona bandani, naye akaichana. Kwenye rejista nimeandika kwamba nakala ya ishirini na tatu inabaki Rwamgasa, mkuki kushoto, jina lako chini. Ile mpya, ya mwisho kutoka mkononi mwako, kituo kimekuzawadia. Godoro ulilonunuliwa na kamati ya kukuaga lipo pia. Asubuhi ya leo, ulipokuwa ukipigiwa pasi suti, niliipitisha mlango wa nyuma wa nyumba yako, na mkeo, Mama Loveness, ameitundika sebuleni. Ukifika nyumbani jioni utamkuta mtemi. Mwamkie.

Zuhra Hatibu
Afisa Kumbukumbu