Mama Aliyempigia Magoti Binti Yangu

Ndugu zangu wazazi, wa Bwana asifiwe nawasalimu, wa Asalaam aleikum nawasalimu, na ninyi watoto mliokaa benchi la mbele, salamu zenu hizi hapa, nawapungia kwa mikono yote miwili. Asanteni, nimeziona zenu.

Mwenyekiti amenipa muda mfupi kwa sababu ananijua. Mimi ni mshenga. Kule kwetu Izimbya posa haiendi bila mimi, na vijana niliowatafutia wake wamefika hadi Muleba, kwa mdomo huu huu. Mkiona naanza kuzunguka, kohoeni tu, nitaelewa.

Leo nimekuja kusema habari za binti yangu, yule mwenye gauni la njano. Jina lake silitaji. Subirini.

Alipozaliwa tulimsifu kwa utulivu. Mnaijua mvua yetu, ikipiga bati hamsikilizani hata mkikaa kitanda kimoja. Yeye alikuwa analala tu. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akawa anawaambia majirani, "Mjukuu wangu huyu ana moyo wa kizee." Tukacheka. Ndugu zangu, nawaambia, jambo lilikuwa limekaa mbele yetu, sisi tunalicheka.

Shida ilianza alipofika umri wa kusalimia. Kwetu mtoto akimwona mgeni anashuka magoti, "Shumalamu waitu," kisha analeta kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Bila hivyo, mtoto hana adabu, na wazazi wake hawana cha kujitetea. Binti yangu alikuwa anapita katikati ya wageni kama anapita kwenye migomba. Tukaenda Muleba kwa wakwe zangu, mzee mmoja akaungoja mkono wake, akangoja, salamu haikuja. Akanigeukia mbele ya watu: "Mshenga, maneno yote umeyamalizia kwenye posa za watu, nyumbani hukubakiza hata salamu?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini nilirudi Izimbya nimeumia.

Tukampeleka hospitali Bukoba mjini. Wakampima, wakatuambia masikio yote mawili yanasikia kidogo sana, na baadaye akapewa vifaa vya kusikia. Mngedhani nilifurahi. Nilivunjika. Mtu ninayeishi kwa kuongea, nimepewa mtoto ambaye maneno yangu hayamfikii! Kwa muda nikaacha ushenga. Nikiitwa kwenye posa nasema nina mafua. Mafua gani hayo ya mwaka mzima? Nilikuwa nakaa kwenye mibuni yangu nawaza jambo moja: siku nikifa, nani atamsemea mtoto huyu?

Na wageni wakija, tulimwacha jikoni na bibi yake, asije akaonekana hana adabu. Tulidhani tunamkinga. Nayasema haya na moyo bado unauma.

Ndipo akaja mama mmoja wa hapa Kitendaguro. Mnamjua, yumo humu ndani, na amenikataza kumtaja. Walikutana na mke wangu hospitalini, kila mmoja na mtoto wake, wakapeana namba za simu. Mimi sikumtaka. Nilijua analeta pole, na pole nilikuwa nimeshiba.

Akashuka kwenye bodaboda, nikamkaribisha sebuleni. Hakukaa. Akauliza, "Mwenyeji wangu yuko wapi?"

"Mwenyeji ni mimi, mama."

"Wewe tutaonana baadaye, baba. Nimekuja kwa binti."

Akaingia jikoni mwenyewe, mimi namfuata nyuma na aibu yangu. Binti yangu alikuwa anamenya ndizi na bibi yake. Yule mama, mtu mzima anayenizidi umri, akapiga magoti mbele ya mtoto, pale pale kwenye majivu.

Mama yangu akaruka. "Waitu! Inuka, mama! Mtu mzima unampigia mtoto magoti?"

"Nimeshuka anione uso, mama," akamjibu. "Nikisimama ataona kanga tu."

Akamgusa bega, akangoja mpaka macho yakakutana, akamsalimia polepole, kwa mdomo na kwa mkono. Kisha akatuuliza, "Vifaa vyake viko wapi?"

"Vipo sandukuni," mama yangu akasema kwa fahari. "Nimevifunga kwenye kitenge kipya. Leo ni Jumatano."

"Jumatano imefanya nini?"

"Si anavaa Jumapili, akienda kanisani! Vitu vya thamani vile, avivalie kwenye moshi?"

Mnacheka. Haya, chekeni, halafu mninyooshee mikono ambao hamkufanya hivyo. Mbona mikono ni michache? Na wewe ndugu yangu kule nyuma, uliyekuwa unavitoa Idi mpaka Idi, nakuona.

Yule mama hakutucheka. Alisema tu, "Vya mwanangu nilivifungia kabatini na vikombe vya wageni." Mama yangu akanyanyuka bila kuambiwa, akaenda kuvitoa.

Yule mgeni alipokwisha kumvalisha, akarudia salamu. Binti yangu akamtazama usoni, akatazama magoti yake, na yeye akashuka, akampa mikono yote miwili. Halafu akainuka, akaenda kwenye rafu, akachukua kikapu cha kahawa, akarudi, akapiga magoti tena na kumkaribisha mgeni wake.

Hakuna aliyemfundisha. Miaka yote ile tuliyomwacha jikoni, alikuwa anatuchungulia mlangoni, anajifunza namna ya kupokea wageni. Niliegemea mlango huo huo nikalia, ndugu zangu, mwanaume mzima, na sikutafuta kisingizio cha moshi.

Kuanzia siku hiyo Jumapili ikawa kila siku. Yule mama alirudi na wenzake, ninyi wazazi wa kikundi hiki, mkatufundisha kutunza vifaa na kuongea kwa alama. Mama yangu alishika upesi kuliko mimi. Mikono yangu imezoea jembe, nikikosea binti yangu ananishika vidole na kuvinyoosha, huku ananicheka. Siku hizi nikirudi shambani ananieleza mambo ya shule mpaka chakula kinapoa.

Asante, mama wa Kitendaguro. Asante, mke wangu, ulimleta nyumbani bila kuniomba ruhusa, na ulifanya vizuri. Asante mama yangu, na wote mliokuja kukaa nasi jikoni. Wewe uliyeingia leo kwa mara ya kwanza, umekaa karibu na mlango ili utoke upesi, usitoke. Tutakuja kwako. Na tukija, tutamtafuta mtoto kwanza, wewe utasubiri kidogo, kama nilivyosubiri mimi.

Nimesikia mmeanza kukohoa. Namalizia. Nilikuwa nauliza nani atamsemea binti yangu siku nikiwa sipo. Basi mimi hapa nipo, mzima, na mshenga nanyamaza.

Binti yangu, njoo mbele. Njoo, usiogope.

Ndugu zangu, jina lake hili hapa linakuja. Tazameni mikono yake.